Je, Timu Yako Imchukue Mrushaji Mkongwe Aliyeporomoka? Mwongozo Kamili wa Kuamua Kabla Dirisha Halijafungwa

Kila mwezi Julai unapokaribia ukingoni, na dirisha la timu kubadilishana wachezaji likikaribia kufungwa, wasomaji wanaofuatilia besiboli ya Marekani huniletea swali lilelile kwa majina tofauti: fulani ana miaka 36, aliwahi kuwa tishio, mwaka huu anapigwa kama ngoma, je, timu yetu imchukue? Na kila mwaka majibu mnayojipa hukosea kwa njia mbili zilezile. Wengine hutazama wastani wa alama anazofungwa peke yake, wakaona 5.60, wakafunga mjadala. Wengine hutazama jina, wakakumbuka mechi zake za mchujo wa ubingwa za Oktoba ya miaka minane iliyopita, wakataka akatiwe tiketi ya ndege usiku huohuo.

Makundi yote mawili yanajibu swali ambalo halikuulizwa. Kwamba mrushaji huyu anafanya vibaya, hilo hata ubao wa matokeo unalijua. Swali la meneja mkuu ni kwa nini anafanya vibaya, na kama sababu hiyo itabaki katika mji anaouhama au itapanda naye ndege. Hatua zote zilizo hapa chini zinatafuta jibu la swali hilo. Zifuate kwa mpangilio, kwa sababu hatua ya tatu inaweza kukuokolea kazi ya zote zinazofuata.

## Vitu vya kuandaa

- Takwimu za mrushaji za msimu huu na misimu miwili iliyopita: iningi alizorusha, alama halali alizofungwa, mapigo salama, homurani, straiki-auti, besi za bure na wapigaji aliowagonga kwa mpira. Baseball-Reference na FanGraphs hutoa yote haya bila malipo.
- Ukurasa wake katika Baseball Savant, ambako vipimo vya kila mpira uliorushwa katika viwanja vyote 30 vya ligi kuu vimehifadhiwa tangu mwaka 2015.
- Mkataba wake: mshahara, miaka iliyobaki, na vipengele vya hiari.
- Orodha ya warushaji wa timu yako, pamoja na wale walio Triple-A, ngazi moja chini ya ligi kuu.
- Orodha ya chipukizi wa timu yako, wakiwamo wale wa miaka 17 na 18 ambao hakuna anayewataja.
- Kikokotoo, kalamu na karatasi. Karatasi ina kazi maalumu katika hatua ya nane, kwa hiyo usidharau.

Kuhusu maneno: mrushaji ndiye anayemrushia mpigaji mpira akiwa juu ya kilima kidogo katikati ya uwanja, na mrushaji wa kuanza ni yule anayefungua mechi. Iningi ni awamu moja ya mchezo, na mechi ina tisa. Pigo salama ni lile linalomfikisha mpigaji kwenye besi, homurani ni pigo linaloutoa mpira nje ya uwanja na kuleta alama, na alama halali ni ile isiyotokana na kosa la walinzi. Straiki-auti ni mpigaji kutolewa kwa straiki tatu, yaani mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha, besi ya bure ni mpigaji kupewa besi ya kwanza baada ya mipira minne mibaya. ERA ni alama halali anazofungwa mrushaji kwa kila iningi tisa.

## Hatua ya 1: Andika unachonunua

Msimu una mechi 162, na dirisha linapofungwa hubaki takriban theluthi moja. Mrushaji anayepanda kilimani kila siku ya tano au ya sita atapata mechi kumi au kumi na moja hivi kabla ya mchujo wa Oktoba.

Ikiwa warushaji wako wawili ni majeruhi, unanunua iningi 60: mtu atakayefika iningi ya tano au ya sita bila kuiharibu mechi, ili warushaji wa akiba wapumue. Ikiwa nafasi ya mchujo iko mkononi tayari, unanunua mechi mbili tatu za Oktoba. Hizi ni bidhaa mbili tofauti, kama vile mzigo wa kuni na kibiriti, na bei zake hazifanani.

Tahadhari: katika mchujo timu hutumia warushaji wa kuanza watatu au wanne tu. Ikiwa mkongwe huyu atakuwa wa tano kwa ubora, usimlipie bei ya Oktoba, maana Oktoba atakuwa benchi.

Umefanikiwa ikiwa una sentensi moja kwenye karatasi inayosema unamhitaji kwa kazi gani na utaridhika akifanya kiasi gani.

## Hatua ya 2: Tenganisha bahati na kazi

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo twende taratibu kwa mfano wa kubuni. Mrushaji wetu amerusha iningi 120. Amefungwa alama halali 76, amepigwa mapigo salama 135 ambayo ndani yake mna homurani 20, ametoa besi za bure 40, amegonga wapigaji 5, na amepata straiki-auti 120.

ERA yake ni 76 mara 9 gawa kwa 120, yaani 5.70. Kwa mtazamaji wa kawaida huyu amekwisha.

Sasa kokotoa FIP, kipimo kinachohesabu mambo ambayo mrushaji anayatawala zaidi bila msaada wa walinzi wa nyuma yake. Zidisha homurani kwa 13: 260. Jumlisha besi za bure na waliogongwa, kisha zidisha kwa 3: 135. Zidisha straiki-auti kwa 2: 240. Chukua 260, ongeza 135, toa 240, unapata 155. Gawa kwa iningi 120, upate 1.29. Mwisho ongeza namba ya kusawazisha, ambayo hubadilika kidogo kila msimu na mara nyingi huwa kati ya 3.1 na 3.2, tuchukue 3.15. Jibu ni 4.44.

Kati ya 5.70 na 4.44 pana pengo kubwa, na pengo hilo lina mwenyewe. Mtafute kwa kukokotoa BABIP, yaani sehemu ya mipira iliyopigwa ndani ya uwanja ikageuka mapigo salama. Ondoa homurani kwenye mapigo salama, zibaki 115. Tuseme wapigaji wamehesabiwa mara 480 kwenye zamu rasmi (ambazo hazihesabu besi za bure na waliogongwa) na mipira minne ya juu imedakwa huku mkimbiaji akifunga. Chukua 480, toa straiki-auti 120, toa homurani 20, ongeza 4, unapata 344. Gawa 115 kwa 344: 0.334. Ligi huzungukia 0.290 hadi 0.300, kwa hiyo mipira inadondoka pasipo na mtu mara nyingi kuliko kawaida.

Kwa nini tunaamini straiki-auti kuliko BABIP? Kwa sababu namba hizi hazikomai kwa kasi moja. Kiwango cha straiki-auti huanza kuaminika baada ya wapigaji 70 hivi, ambayo ni kama mechi tatu. Besi za bure huhitaji wapigaji 170 hivi. BABIP ya mrushaji huhitaji mipira iliyopigwa ipatayo 2,000, na huo ni muda wa zaidi ya misimu mitatu. Anayemhukumu mrushaji kwa BABIP ya miezi minne anahukumu hali ya hewa ya mwaka kwa mvua ya juzi.

Tahadhari: pengo si msamaha wa moja kwa moja. Mrushaji ambaye mipira yake inapigwa kwa nguvu kila mara hana bahati mbaya. Ana mpira mbovu. Fungua Baseball Savant utazame asilimia ya mipira inayopigwa kwa maili 95 kwa saa au zaidi. Ikiwa imepanda sana kuliko miaka yake miwili iliyopita, punguza huruma yako.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kusema kiasi gani cha ubaya wake kinaelezwa na bahati, na kiasi gani bado hakina maelezo. Kwa mfano wetu, 4.44 ndiyo sehemu inayobaki kuelezwa, na homurani 20 ndizo za kwanza kutiliwa shaka.

## Hatua ya 3: Kagua mwili

Bahati hugeuka na uwanja hubadilishwa, lakini bega humfuata mwenyewe popote aendako. Ndiyo maana hatua hii ina mamlaka ya kusimamisha zoezi zima.

Anza na kasi ya mpira wake mkuu. Linganisha Julai ya mwaka huu na Julai ya mwaka jana, wala usilinganishe Julai na Aprili, kwa sababu mikono hupata joto kadiri msimu unavyosonga na hewa inavyopata moto. Mkongwe kupoteza nusu maili ni uzee wa kawaida. Akipoteza maili mbili, na asilimia ya wapigaji wanaopiga hewa ikashuka pamoja nayo, una jibu tayari.

Kisha tazama mahali mkono unapouachia mpira. Ukiona pointi hiyo imeshuka au imesogea pembeni mechi baada ya mechi, kuna mawili: amebadili mtindo kwa makusudi, au anakwepa maumivu. Mwisho pitia orodha yake ya majeruhi ya miaka mitatu. Kiwiko na bega ndivyo vya kuogopa. Malengelenge ya kidole na paja lililovutika havina uzito huo.

Mfano wa mwili uliokuwa bado mzima ni Justin Verlander. Tarehe 31 Agosti 2017, akiwa na miaka 34 na ERA ya 3.82 katika msimu ulioanza vibaya, Detroit Tigers walimpeleka Houston Astros. Mpira wake bado ulikuwa na moto wa kutosha; Houston walimpa kamera za mwendo wa polepole zilizomsaidia kurekebisha slaida yake, mpira unaopinda kwenda pembeni. Alicheza mechi tano za msimu wa kawaida akashinda zote kwa ERA ya 1.06, akawa mchezaji bora wa fainali ya American League (ambayo pamoja na National League huunda ligi kuu), na Astros wakachukua ubingwa. Kamera ilirekebisha slaida kwa sababu mkono wa kuirusha ulikuwapo.

Tahadhari: ikiwa kasi imeshuka, wanaopiga hewa wamepungua na mkono umeshuka, acha hapahapa. Usiendelee na hatua nyingine kwa sababu unampenda.

## Hatua ya 4: Ziulize homurani zinatoka wapi

Homurani ni takwimu yenye ndimi mbili. Sehemu yake ni bahati na uwanja, sehemu ni tabia ya mrushaji. Tazama misimu mitatu: ikiwa zimepanda mwaka huu tu, huenda zikashuka zenyewe, ikiwa zilikuwa nyingi mwaka jana pia, hasa katika uwanja unaowabana wapigaji, hiyo ni tabia.

Nitoe kisa kilichonifunza, maana nilikuwa miongoni mwa waliokisifu siku kilipotokea. Mwaka 2023 Lance Lynn, akiwa na miaka 36, alikuwa Chicago White Sox na ERA ya 6.47. Ukikokotoa kama tulivyofanya juu, alionekana lulu iliyofunikwa na tope: straiki-auti 144 katika iningi 119 na theluthi mbili. Mwezi Juni aliwatoa wapigaji 16 wa Seattle kwa straiki katika mechi moja, na bado akapoteza mechi hiyo. Los Angeles Dodgers, ambao warushaji wao wengi walikuwa majeruhi, wakamchukua mwishoni mwa Julai.

Sehemu ya kwanza ya hesabu ilitimia. Katika mechi 11 alishinda saba, na ERA yake ikashuka hadi 4.36. Kwa aliyekuwa ananunua iningi za Agosti, hiyo ni biashara nzuri. Lakini homurani zilipanda naye ndege. Aliondoka Chicago akiwa amepigwa 28, akapigwa 16 zaidi akiwa Dodgers, jumla 44, nyingi kuliko za mrushaji yeyote wa ligi kuu msimu ule. Tarehe 11 Oktoba, katika mechi ya tatu dhidi ya Arizona Diamondbacks, alipigwa homurani nne katika iningi moja, rekodi ya mchujo. Arizona walishinda 4–2, na Dodgers wakafungasha virago.

Ukirudi hatua ya kwanza utaona kosa lilipo. Dodgers walinunua kuni, kisha Oktoba ilipofika wakazitumia kama kibiriti.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kutaja sababu moja mahususi ya homurani zake, na kusema kama sababu hiyo ipo pia katika uwanja wako.

## Hatua ya 5: Pima nyumba anayotoka na nyumba anayokuja

Gawa takwimu zake kati ya nyumbani na ugenini. Cole Hamels alikuwa na miaka 34 mwaka 2018, ERA ya 4.72 akiwa Texas Rangers. Ukigawa, unakuta watu wawili: nyumbani ERA ilizidi 6, ugenini ilikuwa chini ya 3. Uwanja wa Rangers wa wakati ule haukuwa na paa, joto la Texas lilikuwa kali na mipira iliruka. Chicago Cubs walimchukua tarehe 27 Julai, na katika mechi 12 ERA yake ikawa 2.36.

Usitarajie muujiza wa namna hiyo kila mara, maana mechi kumi na mbili ni chache na bahati nayo ilikuwa upande wake. La kushika ni kwamba sababu ya ubaya wake ilikuwa na anwani, na anwani hiyo ilikuwa Arlington.

Baada ya uwanja, tazama walinzi. Ikiwa mkongwe wako huwafanya wapigaji wagonge mpira chini na timu yako ina walinzi wa kati wepesi, atafaidika. Ikiwa timu yako ndiyo yenye mikono ya siagi, hata FIP nzuri haitamwokoa. Kisha muulize kocha wako wa warushaji swali moja: ni kitu gani kimoja utambadilisha ndani ya wiki mbili? Jibu zuri ni dogo, kwa mfano kupunguza mpira fulani unaopigwa sana na kuongeza mwingine unaowapita wapigaji. Kocha akianza kueleza mpango wa kumjenga upya kuanzia miguu, huo ni mradi wa majira ya baridi, wala hauna nafasi mwezi Agosti.

## Hatua ya 6: Hesabu fedha

Mshahara uliobaki ni rahisi: aliyesaini dola milioni 15 kwa mwaka, dirisha likifungwa amebakiwa na takriban milioni 5.

Kinachosahaulika ni kodi ya ziada ya mishahara, inayotozwa timu ambayo jumla ya mishahara yake inavuka mpaka uliowekwa. Mwaka 2025 mpaka wa kwanza ulikuwa dola milioni 241. Timu iliyovuka kwa mwaka wa tatu mfululizo au zaidi, na kupita mpaka huo kwa zaidi ya dola milioni 60, hulipa senti 110 kwa kila dola inayoongezwa. Kwa timu hiyo milioni 5 zinageuka milioni 10.5. Kwa timu iliyo chini ya mpaka, milioni 5 ni milioni 5.

Muuzaji anaweza kulipa sehemu ya mshahara, lakini hafanyi sadaka. Mwaka 2023 New York Mets walilipa takriban dola milioni 35 za mkataba wa Max Scherzer alipokwenda Texas, na kwa fedha hizo walijinunulia chipukizi Luisangel Acuña. Kadiri unavyotaka ulipiwe, ndivyo chipukizi wako anavyozidi kuwa bora.

## Hatua ya 7: Panga bei, na uwatazame watoto mara mbili

Mkongwe mwenye ERA mbaya huuzwa kwa bei inayoonekana ndogo, na hapo ndipo penye mtego. Hakuna anayeshtuka ukitoa kijana wa miaka 17 ambaye hajacheza mechi rasmi hata moja ya kulipwa.

Tarehe 4 Juni 2016 White Sox walimchukua James Shields, miaka 34, kutoka San Diego Padres. Alikuwa na ERA ya 4.28 katika mechi 11, na mechi ya mwisho kabla ya kuondoka alifungwa alama 10 bila kumaliza iningi ya tatu. Wengi walisema hiyo ni siku moja mbaya. Ukifuata hatua zetu, dalili zilikuwa wazi: mwaka uliotangulia alipigwa homurani 33, nyingi kuliko za mrushaji mwingine yeyote wa National League, akiwa katika uwanja wa San Diego unaojulikana kwa kuwasaidia warushaji, na mwaka 2016 straiki-auti zake zilikuwa zimepungua. Yaani tabia ya homurani ilikuwa inatoka nyumba ya baridi kuelekea nyumba ya moto. Akiwa White Sox ERA yake ya msimu ule ilikuwa 6.77, na homurani za mwaka mzima zikafika 40.

Padres walipokea Erik Johnson, mrushaji, pamoja na kijana wa Jamhuri ya Dominika aitwaye Fernando Tatis Jr. Mwaka 2021 Tatis aliongoza National League kwa homurani 42, akiwa amesaini mkataba wa dola milioni 340.

Tahadhari: si kila kijana ni Tatis, wengi wao hawafiki ligi kuu kabisa. Hata hivyo, kwa mkongwe wa miezi miwili toa chipukizi ambaye kipaji chake unakifahamu vyema na ukomo wake umeuona, kwa mfano mrushaji wa akiba wa miaka 24 aliye Triple-A. Usitoe kijana ambaye hata maskauti wako hawajamaliza kumtazama. Huwezi kupanga bei ya kitu usichokijua.

## Hatua ya 8: Pata idhini, andika bei ya mwisho

Hakikisha kama mchezaji ana haki ya kukataa. Aliyecheza ligi kuu miaka 10, mitano ya mwisho akiwa na timu ileile, ana haki hiyo kwa kanuni; wengine wanayo kwa mkataba. Verlander alikuwa nayo, na ridhaa yake ilipatikana dakika za mwisho kabla ya saa sita usiku. Wakati ule bado palikuwa na mlango wa pili wa kubadilishana wachezaji mwezi Agosti. Tangu 2019 dirisha ni moja tu, kwa kawaida mwishoni mwa Julai, kwa hiyo usisubiri hadi saa ya mwisho ndipo umpigie wakala wake.

Sasa chukua ile karatasi. Andika jina la chipukizi bora unayekubali kumtoa na kiasi cha juu cha mshahara utakaobeba, ukiwa umetulia, siku mbili kabla dirisha halijafungwa. Saa ya mwisho ikifika simu hulia, wapinzani hununua, na akili huchemka. Karatasi haichemki.

## Hatua ya 9: Msimamie baada ya kufika

Mpe mechi nne. Katika mechi hizo usihesabu ERA, kwa sababu ni iningi 20 tu na bado haijasema kitu. Hesabu straiki-auti, besi za bure, kasi ya mpira, na kama lile badiliko moja la kocha linaonekana kweli katika mipira anayoirusha.

Wapigaji wakimwona kwa mara ya tatu katika mechi moja ndipo wakongwe wengi hupasuka, kwa hiyo mwondoe kabla ya hapo ikiwa alama ziko karibu. Kumwacha kilimani kwa heshima ya jina lake ni kumvunjia heshima hiyohiyo mbele ya watu elfu arobaini.

Weka mrushaji wa Triple-A katika zamu ileile ya siku tano, awe tayari. Tigers walimchukua Charlie Morton, miaka 41, mwisho wa Julai 2025 kutoka Baltimore Orioles. Mambo yalikwenda kombo, nao wakaachana naye Septemba, kabla msimu haujamalizika. Mbadala yeyote unayemtaka kwa ajili ya Oktoba anatakiwa awe ndani ya klabu yako kufikia tarehe 31 Agosti, kwa hiyo mechi ya nne ya mkongwe wako ianguke kabla ya tarehe hiyo, na uamuzi wa kumbakiza au kumpumzisha uufanye asubuhi inayofuata.